Nyasi bandia kwenye eneo la biashara Lubumbashi: mwongozo kamili wa kutandika zulia lisilotuamisha maji

Kila mwaka mvua za kwanza zinapoanza Lubumbashi, malalamiko ni yale yale. Mwenye restora alitandika nyasi bandia mwezi wa nane, zikapendeza, wateja wakapiga picha. Kufika mwezi wa kumi na mbili zulia limevimba katikati, maji yanabubujika mtu akikanyaga, mishono imefunguka, na harufu ya uozo inawahamisha watu mezani. Mwenye mali anamlaumu aliyemuuzia zulia. Mara nyingi zulia halina kosa lolote.

Kosa liko chini yake. Kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa mji huu haupati mvua ya maana, kwa hiyo msingi mbovu hauonekani. Udongo mwekundu ukikauka unakuwa mgumu, fundi anadhani amepata msingi wa bure. Mvua kubwa zikirudi, udongo ule ule unalainika, unashuka, na maji hayana pa kwenda. Ndiyo maana zaidi ya nusu ya mwongozo huu inahusu kazi itakayofanyika kabla zulia halijashushwa kwenye lori.

## Vitu vya kutayarisha

Hesabu hizi ni za terasi ya mita 10 kwa 20, yaani mita za mraba 200, juu ya udongo. Zenu zikiwa tofauti, zidisheni au gawanyeni.

- Zulia la nyasi. Kwa terasi, ua wa hoteli au mbele ya ofisi, nyuzi za milimita 25 hadi 35 zinatosha. Zilizo ndefu zaidi hulala chini ya miguu ya viti na haziamki. Polietilini ni laini na hudumu. Polipropilini ina bei nafuu lakini ni kavu na hulala upesi. Rola nyingi zina upana wa mita 2 au 4 na urefu wa mita 25.
- Kokoto iliyosagwa, mchanganyiko wa vumbi hadi mawe ya milimita 20 au 30. Mita za ujazo 30. Zikishindiliwa zitabaki kama 24, yaani unene wa sentimita 12. Anayeagiza 24 kamili ataishiwa katikati ya kazi.
- Vumbi la mawe, milimita 0 hadi 6. Mita za ujazo 7 na nusu, kwa tabaka la juu la sentimita 3.
- Kitambaa cha jeotekstili, kinachopitisha maji lakini kikazuia udongo. Mita za mraba 230 kwa eneo lote, maana vipande hupandana kwa sentimita 30, pamoja na kingine cha kufungia mfereji.
- Bomba lenye matundu, kipenyo cha milimita 100, urefu wa upande wa chini wa terasi pamoja na njia ya kufika nje.
- Bordire za zege au mawe kwa kingo. Msitumie mbao. Mchwa wa nchi hii hauhitaji kuelezewa kwa mtu wa hapa.
- Utepe wa mshono wenye upana wa sentimita 30, mita 42, na kole (gundi) ya poliyurethani ya nje.
- Misumari ya mabati ya sentimita 12 hadi 15, kama 700.
- Mchanga wa silika, kilo 8 kwa kila mita ya mraba: kilo 1,600.
- Zana: mashini ya kushindilia yenye bamba, rula ya aluminiamu ya mita 3, pima maji, kamba, sururu, sepeto, reki, toroli, mwiko wenye meno, kisu chenye nyembe nyingi za akiba, ufagio mgumu wa nailoni.
- Mapipa ya maji ya lita 200. Sababu yake iko katika hatua ya 6, na hatua hiyo ndiyo inayorukwa kuliko zote.

Jambo moja kuhusu kokoto. Mtu anaweza kukuuzia mabaki meusi ya kuyeyusha shaba kwa bei ya chini, akisema yanashindiliwa vizuri. Kataa. Mabaki ya viwanda vyetu yana shaba, kobalti na zinki, na terasi ni mahali ambapo watoto hukaa chini na kucheza. Chukua jiwe safi la karyere, yaani machimbo ya mawe.

## Namna ya kuchagua zulia

Omba kipande, usinunue kwa picha. Kikunje uangalie mgongo: raba au gundi ya nyuma isipasuke. Vuta nyuzi kwa nguvu; zikitoka kwa mafungu, rudisha. Zibane kwa kiganja kwa dakika moja kisha uachie. Nyuzi nzuri huinuka zenyewe. Mwaga kikombe cha maji juu yake uone kama yanapita kwenye matundu.

Rola zote ziwe za loti moja, namba iliyoandikwa kwenye lebo. Loti mbili za rangi ile ile hutofautiana kidogo, na tofauti hiyo itaonekana juani milele.

Uwanja wa klabu ya kandanda ya TP Mazembe pale Kamalondo una nyasi bandia, na wateja wengi wakitaka "kama zile" huishia kununua zulia la kandanda. Zulia la kandanda lina nyuzi ndefu zinazosimamishwa na kujazwa mchanga na chembechembe za raba. Kwenye restora chembe hizo huingia viatuni, hufika jikoni, na hupata joto kali juani. Kwa meza na viti, acha.

## Hatua ya 1: Jua maji yatakwenda wapi

Chimba shimo la sentimita 30 kila upande, lijaze maji. Yakishanywewa, lijaze tena, kisha subiri saa moja. Mara ya kwanza haihesabiwi, kwa sababu udongo wa kiangazi una nyufa na hunywa kwa pupa. Mara ya pili ndiyo inayosema ukweli. Maji yakishuka pungufu ya sentimita 3 kwa saa hiyo, udongo wako haunywi, na bomba ni la lazima. Sehemu nyingi za mji zitakupa jibu hilo.

Tafuta sasa mahali pa kutolea: kanivo (mtaro) ya barabara, au shimo la kunyonya maji lililojazwa mawe, mbali na msingi wa jengo. Kama hakuna pa kutolea, simamisha kazi hapa. Hakuna zulia litakalotibu hilo.

Uliza pia kebo ya umeme na bomba la maji vinapita wapi ndani ya parseli (kiwanja). Sururu ya kwanza isivikute.

## Hatua ya 2: Chimba, na uelekeze mteremko kuanzia chini

Ondoa udongo wa juu wenye mizizi, ufike sentimita 15 hadi 17 chini ya usawa unaoutaka mwishoni. Ndago itolewe pamoja na vinundu vyake. Mmea huo hutoboa hata zulia.

Kama palikuwa na kichuguu kilichobomolewa, gonga ardhi kwa mtalimbo. Sauti ya utupu ikisikika, fukua mpaka ufikie udongo mgumu, ujaze kokoto na kushindilia. Vyumba vya mchwa vilivyoachwa huporomoka polepole, na terasi hushuka mahali hapo hapo kila mwaka.

Mteremko uanze hapa, kwenye udongo wenyewe: sentimita 1 na nusu kwa kila mita, ukitoka ukutani kwenda nje. Kwa upana wa mita 10, ukingo wa mbali uwe chini kwa sentimita 15. Mafundi wengi huchimba sawasawa wakitegemea kutengeneza mteremko kwa kokoto baadaye. Matokeo yake ni beseni la udongo lililojazwa mawe: juu panateremka, chini maji yamesimama, na harufu inaanzia hapo.

Shindilia udongo kabla ya kuendelea. Imefaulu ukivuta kamba kutoka juu hadi chini, na rula ya mita 3 haionyeshi shimo wala nundu kubwa.

## Hatua ya 3: Bomba na kingo

Kwenye upande wa chini, chimba mfereji wenye upana wa sentimita 30 na kina kinachoanzia 30, kikiongezeka kadiri bomba linavyoshuka. Tandika kitambaa ndani yake, weka kokoto safi zisizo na vumbi, laza bomba, ongeza kokoto mpaka lifunikwe, kisha kunja kitambaa juu. Kitambaa huzuia udongo laini kuingia na kuziba matundu.

Bomba nalo lishuke, walau sentimita 1 kwa mita, hadi mahali pa kutolea. Mdomo wake ufungwe kwa wavu ili panya wasiingie.

Kisha jenga bordire juu ya zege kidogo. Msingi utakapokamilika ubaki sentimita 2 hivi chini ya uso wa bordire, ili nyuzi zitokeze tu, mtu asijikwae. Pima pia milango. Mlango unaofunguka kwa nje utakwaruza nyasi usipoacha nafasi.

## Hatua ya 4: Kitambaa na kokoto

Tandika jeotekstili juu ya udongo wote. Kazi yake kubwa hapa ni kuzuia mawe yasizame kwenye udongo uliolowa. Kuzuia magugu ni faida ya ziada.

Mwaga kokoto kwa tabaka mbili, kila moja ikibaki sentimita 6 baada ya kushindiliwa. Usiweke zote mara moja: mashini ndogo haifiki chini, na kile kilichobaki laini kitashuka chini ya uzito wa watu. Nyunyiza maji kidogo kabla ya kushindilia kila tabaka. Kokoto kavu kabisa hazishikani.

Pitisha mashini njia za urefu, kisha za upana. Utasikia sauti ikibadilika, mashini ikianza kurukaruka badala ya kuzama. Imefaulu ukikanyaga kwa kisigino kwa nguvu na pasibaki alama.

## Hatua ya 5: Vumbi la mawe

Tandaza vumbi kwa reki, buruta rula juu yake, shindilia, angalia, rekebisha. Fanya hivyo bila haraka. Zulia halifichi kitu. Kila bonde utakaloliacha litaonekana jua la jioni likilalia nyasi.

Laza rula ya mita 3 kila upande. Nafasi chini yake isizidi milimita 6.

## Hatua ya 6: Leteni mvua wenyewe

Pipa moja la lita 200 likimwagwa kwenye mita za mraba 10 ni sawa na mvua ya milimita 20. Gawa eneo kwa chokaa katika vipande vya mita 10 za mraba, na umwage pipa zima kwa kila kipande, kwa ndoo ya kunyunyizia au mpira, ndani ya robo saa. Kama huna maji ya kutosha kwa vipande vyote, chagua vya upande wa chini, vya karibu na ukuta, na popote unapopashuku.

Subiri robo saa nyingine, kisha uangalie mambo matatu. Kuna kidimbwi juu? Kizungushie chokaa, kwangua, ongeza vumbi, shindilia upya. Kuna mahali pamelainika ukikanyaga? Fukua, maana tabaka la chini halikushindiliwa. Maji yanatoka kwenye mdomo wa bomba? Yasipotoka kabisa hata baada ya sehemu ya chini kumwagiwa, mteremko wa chini una kasoro, na afadhali uvunje leo kuliko kuvunja chini ya zulia la dola.

Wenye mali, simameni hapa muone kwa macho yenu kabla ya kulipa sehemu ya pili ya pesa. Fundi mwaminifu hatakataa.

## Hatua ya 7: Fungua zulia

Rola la mita 4 kwa 25 linaweza kufika kilo 250 au 300. Tafuta watu wa kutosha, na msiliburute juu ya vumbi mlilosawazisha.

Chora kwanza kwenye karatasi. Kwa terasi yetu, vipande 3 vya mita 20 au vipande 5 vya mita 10 vyote hudai rola 3 na mshono wa mita 40. Lakini vipande 5 vya mita 4 havifikii mita 20, kwa kuwa kila ukingo wa mshono utapunguzwa sentimita chache. Chagua vipande 3 virefu, na mshono usiangukie mbele ya mlango ambako kila mteja anapita.

Nyuzi zote zielekee upande mmoja, zikimtazama anayeingia. Kipande kimoja kikigeuzwa kitaonekana cha rangi nyingine hata kama ni cha rola lile lile.

Liache zulia wazi juani saa kadhaa, ikiwezekana hadi kesho yake. Mikunjo ya safari inalegea, zulia linapata ukubwa wake wa kweli. Anayekata na kubandika mara tu baada ya kufungua atapata mawimbi joto la mwezi wa kumi likifika.

## Hatua ya 8: Mshono

Hapa ndipo fundi anajulikana.

Punguza ukingo wa kiwandani wa kila kipande, mistari miwili au mitatu ya nyuzi. Kata kutoka mgongoni, katikati ya mistari, kwa wembe mpya. Ukikata kutoka juu utakata nyuzi zenyewe na kubakiza upara.

Sogeza vipande viwili mpaka umbali kati ya mistari ya nyuzi ya pande mbili za mshono ulingane na ule ulioko kati ya mstari na mstari ndani ya zulia; nafasi kati ya kingo zenyewe kwa kawaida ni milimita 2 hadi 3. Vikibanana sana panainuka kigongo. Vikiachana panaonekana barabara. Kunja kingo zote mbili nyuma, laza utepe katikati, paka kole kwa mwiko wenye meno, kisha rudisha kingo kwa kuzishusha polepole. Watu wawili: mmoja anashusha, mwingine anatoa nyuzi zilizonaswa. Uzi mmoja ndani ya kole huacha doa linaloonekana.

Weka mifuko ya mchanga juu ya mshono mzima, uheshimu muda ulioandikwa kwenye kopo. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi za hapa ni za baridi na kuna umande. Kole hukawia, na haishiki palipolowa. Anza saa nne asubuhi. Mvua ikitishia, ahirisha.

Imefaulu ukisimama mita 3 kutoka hapo na mtu mwingine asiweze kukuonyesha mshono ulipo.

## Hatua ya 9: Kingo na misumari

Kata kufuata bordire kidogo kidogo; kilichokatwa hakirudi. Piga misumari kila sentimita 15 hadi 20 pembezoni, na kila 30 pande zote mbili za mshono. Tawanya nyuzi kwa vidole kabla ya kupiga ili kichwa kisizilaze, na kichwa kiishie kwenye mgongo wa zulia bila kulivuta kuwa shimo.

## Hatua ya 10: Mchanga

Mchanga hulipa zulia uzito, husimamisha nyuzi na hupunguza kutanuka kwa joto. Uwe wa chembe za duara, umeoshwa, umekauka. Jaribu kwa chupa: mchanga na maji, tikisa, acha utulie. Tabaka la tope likijitokeza juu, mchanga huo utaziba matundu yote uliyoyalipia.

Siku kavu, mwaga nusu, fagia dhidi ya mwelekeo wa nyuzi, kisha mwaga nusu iliyobaki. Mwisho nyuzi zisimame, na wewe ukisimama wima usiuone mchanga.

## Kama chini ni zege

Kazi ni fupi, lakini sheria ya maji ni ile ile. Mwaga maji kwanza. Palipo na dimbwi, jaza kwa simenti ya kusawazisha au toboa njia ya maji. Weka mkeka wa kupitishia maji chini ya zulia, na ubandike kingo kwa kole.

Terasi ya juu ya paa usiipigilie msumari hata mmoja. Utatoboa kizuizi cha maji, na chumba cha chini kitavuja kabla zulia halijachafuka.

## Joto, moto na vioo

Nyasi bandia kwenye jua kali zinaweza kupita nyuzi joto 60. Mwambie mwenye mali mapema: panahitajika kivuli, na mahali pa watoto panyunyiziwe maji mchana.

Mbabula, jiko la makaa, haikai juu ya nyasi hizi, hata ikiwekewa bati. Kaa moja la moto huyeyusha tundu papo hapo. Tengeni eneo la kuchomea lenye zege au pave, na muweke vyombo vya majivu kila meza.

Angalia pia madirisha ya jengo na ya jirani. Vioo vinavyorudisha mwanga hukusanya jua sehemu moja na huweza kuyeyusha nyuzi bila moto wowote. Weka kipande cha zulia mahali hapo siku chache za jua kabla ya kuamua.

## Baada ya kukabidhi

Fagia kila juma kinyume na nyuzi, hasa njia za wahudumu na chini ya viti. Bia na mafuta vioshwe siku hiyo hiyo kwa maji na sabuni laini. Ubani wa kutafuna uliogandishwa kwa barafu hubanduka bila kung'oa nyuzi. Vumbi la kiangazi lisiachwe hadi mvua ya kwanza, maana litageuka tope na kuingia matunduni: osheni mwezi wa tisa.

Fundi arudi baada ya mvua kubwa ya kwanza, na jambo hilo liandikwe kwenye mkataba. Akague mdomo wa bomba, mishono, na kona zote. Amwachie mwenye mali mchoro unaoonyesha bomba linapita wapi, pamoja na mabaki ya zulia la loti ile ile yaliyokunjwa na kuhifadhiwa ndani, mbali na jua, kwa ajili ya viraka.